Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa lugha na vita vya kusahau

Saa 1:30 asubuhi, kabla wanafunzi hawajaingia, napanga kisanduku cha kadi za maneno. Kina vyumba vitano, mtindo ulioenezwa na mwandishi Sebastian Leitner miaka ya 1970. Neno jipya hukaa chumba cha kwanza na kuulizwa kila siku. Likijibiwa linasogea cha pili, linangoja siku 2, mbele yake 4, halafu 8. Likikosewa linarudi mwanzo, hata kama lilishafika cha tano.

Saa 2:00 madaftari yanafungwa. Kwa dakika 10 kila mtu anaandika kwenye karatasi tupu maneno ya jana na ya wiki iliyopita. Hakuna maksi. Kule kulitafuta neno ndiko kunakolikaza kichwani.

Saa 3:00, maneno mapya 10, basi. Rangi zote kwa mpigo sifundishi, wala "kushoto" na "kulia" siku moja: maneno ya maana zinazokaribiana au kupingana yakija pamoja huchanganyikana.

Saa 5:00 ndipo jasho linapotoka. Hakosekani mtu mzima mwenye mtihani kesho: "Mwalimu, nipe maneno yote 60, nitakesha." Namweleza, anaguna. Namweleza tena. Tangu mwaka 1885 mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alishaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichokariri hupotea ndani ya siku ya kwanza tusipokirudia. Na kukesha kunaua usingizi, ambao ndio unaoyatuliza yaliyosomwa. Anasema ameisoma orodha mara nyingi na anaijua. Naifunika safu ya tafsiri kwa karatasi, anakwama. Jicho limeizoea orodha, ulimi bado. Basi tunachagua maneno 15 yanayotumika zaidi, anajibu kwa sauti, anatunga sentensi, anatazama jibu papo hapo, kwa kuwa kosa lisilosahihishwa nalo hukaririwa. Mengine 45 yanagawanywa kwa siku zinazofuata, mtihani upite usipite. Mazungumzo haya hula saa nzima, na ndiyo kazi yenyewe, ingawa wengi wanadhani tunalipwa kwa kuongea tu.

Mchana sauti imekauka. Vipindi vya kusikiliza na kusoma vinapita.

Jioni, miguu ikiwaka moto, nachambua kadi zilizokosewa mara tatu. Mara nyingi kadi ndiyo mbovu: maana mbili zimebanwa pamoja, au neno halina sentensi. Naigawa, naandika upya, naweka chumba cha kwanza.