Kichwa chini: sekunde 3.88 za Stefan Küng

Juu ya ukurasa wa leo nimeandika namba tatu: 0.40, 0.53, 2.95. Zijumlishe, unapata sekunde 3.88. Kufunga kamba za kiatu kimoja huchukua zaidi ya hapo. Ndani ya sekunde hizo kuna medali ya Olimpiki, ubingwa wa Ulaya na ubingwa wa dunia, na vyote vitatu vilimponyoka Stefan Küng, mwendesha baiskeli Mswisi wa jimbo la Thurgau aliyezaliwa mwaka 1993. Wengi humwita mtu wa mkosi. Mimi naona neno hilo linatuzuia kuangalia baiskeli yenyewe.

Tuanzie uwanjani, kwenye njia ya mviringo ya mbio za baiskeli, maana huko ndiko alikofundwa. Mwaka 2015, kule Saint-Quentin-en-Yvelines, Ufaransa, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za kukimbizana za mtu mmoja mmoja. Wawili huanza pande mbili za uwanja zinazotazamana, kila mmoja akimfukuza mwenzake kwa mita 4,000, yaani mizunguko 16 ya mita 250. Baiskeli haina breki wala gia za kubadilisha, na pedeli haziachii: gurudumu la nyuma likizunguka, miguu nayo inazunguka, upende usipende. Gia unaichagua kabla, na ukikosea hapo hakuna wa kukuokoa. Chukua mfano wa meno 60 mbele na 15 nyuma. Kila pedeli ikizunguka mara moja unasogea kama mita 8.4, kwa hiyo mwendo wa kilomita 56 kwa saa unadai mizunguko 111 kwa dakika. Gia nzito kuliko hiyo itakutesa kwenye kuondoka, na nyepesi mno itakufanya upige miguu hewani mwishoni.

Hesabu ya mbio ni hii. Mzunguko wa kwanza, kwa kuwa unaondoka umesimama, unakula kama sekunde 21. Iliyobaki 15, ukiishika kwenye sekunde 16 kila mmoja, unamaliza kwa dakika 4 na sekunde 21. Sasa njoo kwenye kosa la kila siku. Kijana anajisikia mwepesi, anapiga mizunguko minne kwa 15.5, anajiona ameweka akiba ya sekunde mbili. Lakini nguvu ya kupasua hewa hupanda kwa mchemraba wa mwendo: kuongeza kasi kwa asilimia tatu tu kunadai karibu asilimia kumi ya nguvu zaidi. Aliyekuwa akitoa wati 450 sasa anatoa 495, na huko si kwake. Ikifika mizunguko sita ya mwisho miguu imekuwa magogo, saa inasoma 17, na zile mbili za akiba zimemgharimu sita. Fainali ile ya 2015 ilikuwa na sura hiyo hiyo. Jack Bobridge wa Australia alitoka kwa kasi, Küng akabaki na ratiba yake, na mwishoni ndiye aliyekuwa na miguu. Kuacha mwenzako aende huku unasikia uwanja mzima unapiga kelele ni kazi ngumu kuliko kukanyaga.

Ila mchezo huo uliondolewa Olimpiki baada ya Beijing 2008. Bingwa wa dunia wa kitu kisicho na Olimpiki hawezi kuishi kwa hicho peke yake, basi barabara ikawa ndiyo ajira: timu ya BMC kuanzia 2015, kisha timu ya Groupama-FDJ kuanzia 2019. Mwaka ule ule wa 2015 alianguka kwenye Giro d'Italia, ziara kubwa ya baiskeli ya Italia, akavunjika pingili ya uti wa mgongo.

Mwili wake unaeleza mengi. Urefu mita 1.93, uzito kama kilo 83. Kwenye mlima mrefu kilo hizo ni mzigo. Kwenye tambarare ni injini. Ndiyo maana alifika wa tatu kwenye mbio za siku moja za Paris–Roubaix 2022, akigombea nafasi katika uwanja wa saruji wa Roubaix, na wa tatu kwenye ubingwa wa dunia wa barabara 2019 kule Yorkshire, siku ya mvua iliyowatoa wengi. Lakini nyumba yake hasa ni mbio za kushindana na saa, kila mtu akiondoka peke yake.

Na hapo ndipo zile namba zinapokaa. Olimpiki ya Tokyo 2021, kilomita 44.2: Rohan Dennis alichukua shaba, Küng wa nne kwa sekunde 0.40. Kwa mwendo wa siku ile hizo ni kama mita tano, hata urefu wa gari dogo na nusu haufiki. Munich 2022, ubingwa wa Ulaya alioushika miaka miwili mfululizo ulimtoka kwa sekunde 0.53, tena aliyemshinda ni Mswisi mwenzake, Stefan Bissegger, naye zao la uwanja. Mwezi uliofuata, Wollongong, Australia, Tobias Foss wa Norwe akawa bingwa wa dunia na Küng akawa nyuma kwa 2.95, mita kama 42 katika kilomita 34.2. (Siku tatu baadaye yeye na Bissegger walikuwa kwenye timu ya Uswisi iliyotwaa ubingwa wa dunia wa kupokezana wa mchanganyiko, wanaume na wanawake pamoja. Watu hulisahau hilo.)

Sekunde tatu hutoka wapi barabarani? Kona moja uliyogusa breki mapema. Kipande cha upepo wa mbele ulichokipita kwa nguvu za kawaida, wakati pale ndipo pa kuongeza, halafu upumzike kidogo upepo ukigeuka nyuma, kwa sababu muda mwingi hupotea palipo na mwendo mdogo. Na kichwa. Sehemu kubwa ya hewa inayokuzuia inazuiwa na mwili wako, baiskeli inafuata. Viwiko vikikaribiana, mabega yakibanwa, kichwa kikashuka hadi helmeti ifunge pengo kati ya mikono, wati zile zile zinakupeleka mbali zaidi. Ukinyanyua shingo kuangalia njia, unafungua tundu na upepo unaingia kifuani.

Kwa hiyo anayeshindwa kwa nusu sekunde hujifunza kukaa kichwa chini muda mrefu zaidi. Uwanjani hilo halina shida kubwa: chini kuna mstari mweusi, unaufuata kwa macho yaliyoinama na unajua kona ziko wapi. Barabarani mstari huo haupo. Kwa kilomita 50 kwa saa, sekunde mbili za kutazama gurudumu lako la mbele ni mita 28 ulizokwenda kama kipofu. Septemba 2023, Emmen, Uholanzi, kwenye ubingwa wa Ulaya, Küng aliinamisha kichwa, akapotea mkondo taratibu kuelekea pembeni, akagonga vizuizi vya chuma. Alinyanyuka na kumaliza mbio, helmeti imepasuka, damu usoni. Alikuwa na mtikisiko wa ubongo, mfupa wa shavu umevunjika, mkono nao umevunjika. Kwa maoni yangu hakupaswa kuruhusiwa kupanda tena. Mtu aliyegonga kichwa si wa kuulizwa kama yuko sawa.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 8 Septemba 2024, Vuelta a España, ziara kubwa ya Uhispania, ilimalizikia Madrid kwa mbio za saa za kilomita 24.6. Alitumia dakika 26 na sekunde 28, akamwacha Primož Roglič kwa sekunde 31, ushindi wake wa kwanza wa hatua akiwa peke yake katika zile ziara tatu kubwa za Italia, Ufaransa na Uhispania. Nimepiga hesabu mara mbili: ni wastani wa kilomita 55.8 kwa saa. Mzunguko wa sekunde 16 katika uwanja wa mita 250 ni 56.25.