Nimechuliwa mgongo Igombe

Wiki nzima mgongo ulikuwa umekaza, shauri ya kubeba magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Vidonge vinatuliza, kisha maumivu yanarudi. Jana nikaenda Igombe kwa bibi mmoja anayechua. Nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu", nikalala kifudifudi mkekani. Hakunigusa kwanza! Alikaa kimya, akawataja mababu zake kwa Kisukuma, ndipo akapasha mafuta ya nyonyo na kuanzia nyayoni. Dole gumba lake, jamani, kama mchi. Alipofika kiunoni nililia, na si kwa maumivu tu. Nilimkumbuka marehemu mama akinikanda kwa maji moto. Mimi mlokole, ile ya mababu bado inanitatiza. Ila usingizi wa jana? Acha tu. Kaniambia nirudi Alhamisi, na magunia nisiguse.