Kiwanja cha Septemba

Septemba 2017 nilikuwa na milioni 9 benki na hamu kubwa ya kuachana na nyumba ya kupanga. Dalali akanipeleka Tegeta, Dar es Salaam, kuona kiwanja cha mita 20 kwa 20: tambarare, udongo laini, hakuna kisiki wala jiwe la kung'oa. Kwa chini palikuwa na korongo la mchanga mkavu, watoto wanapigia mpira humo. "Huo ndio mto," dalali akacheka, "hauna hata maji ya kunawa." Nami nikacheka. Kichwani nilishaamua sebule itazame wapi.

Kabla sijalipa nikamwomba baba mdogo anisindikize. Si fundi wala mpima ardhi, ni dereva mstaafu. Ila aliishi bonde la Msimbazi mpaka mafuriko ya Desemba 2011, akawa miongoni mwa waliohamishiwa Mabwepande. Tulipofika hakukitazama kiwanja hata kidogo. Alitazama miti. Kwenye matawi ya mkorosho, usawa wa kifua changu, mifuko ya nailoni na nyasi kavu vilikuwa vimejisokota, vyote vimelalia upande mmoja kama nywele zilizochanwa.

"Nani kaanika hivi?" akauliza.

Dalali akasema ni upepo.

Akasogea kwa jirani. Mbele ukuta ulikuwa na chokaa mpya, ubavuni hawakupaka. Mstari wa kahawia ulipita chini kidogo ya dirisha, umenyooka kabisa. Akaukwaruza kwa ukucha, tope likamwagika kama unga. Mlangoni walijenga kizingiti cha tofali tatu, kuingia ndani unanyanyua mguu kama unapanda mtumbwi. Mama mmoja alikuwa anachoma vitumbua pale. Baba mdogo akanunua, wakaongea habari za wajukuu mpaka nikachoka kusimama, ndipo akauliza, "Masika mnalala wapi, mama?"

"Kwa mwanangu, huko juu Wazo," akajibu, macho hayakutoka kwenye chuma cha vitumbua.

Tukarudi kiwanjani. Toka ukingo wa korongo hadi jiwe la mpaka alihesabu hatua 38. Akamkumbusha dalali kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka mtoni. Dalali akanyoosha mkono: "Mzee, hizi nyumba zote unazoziona ziko ndani ya hizo 60. Fuso nne za kifusi, umemaliza." Kuhusu nyumba, hakusema uongo.

Niseme ukweli, siku ile nilimkasirikia baba mdogo, siyo dalali. Kwenye daladala sikumsemesha. Huko juu mlimani kiwanja kama kile kilikuwa bei mara mbili, nami nilijua. Siku ya tatu nikamwambia dalali hela imepata dharura.

Aprili 2018 mvua zikanyesha, barabara ya Jangwani ikafungwa, mabasi ya mwendokasi yakasimama. Mvua zilipokatika nikachukua bodaboda hadi Tegeta. Kiwanja kilishapata mtu. Msingi ulikuwa umepanda kozi tano na kila chumba kina maji yake, rangi ya chai ya maziwa. Sebuleni inaelea ndala moja. Korongo lilikuwa limekula ukingo. Nikahesabu toka mtoni hadi lile jiwe: hatua 31.

Septemba simu ikaita. Alikuwa dalali.

"Kaka, kile kiwanja chako kimerudi. Safari hii kina na msingi."