Nilivyozitibu Nakshi za Ami kwa Friza ya Samaki

Ami yangu, mchongaji wa Mji wa Kale wa Mombasa, aliponiacha kuwa wasii wake, ushauri ulinimiminikia kabla ya arubaini kwisha. Jamaa walitaka kila mmoja achukue kipande cha ukumbusho. Niliwaeleza kwamba kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinahesabu kuwa ni kosa la jinai kuingilia mali ya marehemu bila idhini, na kwamba mimi mwenyewe natakiwa kuwasilisha mahakamani orodha kamili ya mali na madeni ndani ya miezi sita baada ya kupewa hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Shangazi alininunia.

Orodha niliimaliza, lakini orodha haiui bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Chini ya vibao vya mwembe, ambavyo ami alivichonga kuwaonyesha wateja, ulikuwa ukidondoka unga mpya kila asubuhi. Fundi mmoja alinihimiza nipake oili chafu, eti ndiyo dawa ya wazee! Mwingine alisifu mafuta ya taa, nikayajaribu kwenye kipande kisicho na nakshi: unga uliendelea, na harufu ipo hadi leo.

Dawa ilikuwa baridi. Rafiki yangu muuza samaki ana friza inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri, nami nilimbembeleza anipe pembe moja. Kila kibao nilikifunga kwa kitambaa cha pamba, kisha kwa nailoni nene mara mbili, nikiifyonza hewa na kuziba kila upenyo, kwani sikutaka unyevu uingie wala nakshi zinuke nguru. Vilikaa humo wiki mbili. Vilipotoka, nilivizuilia kufunguliwa hadi kesho yake, maana hewa ya Mombasa ingevitoa jasho kama chupa ya soda. Makasha yaliyounganishwa kwa gundi sikuthubutu kuyagandisha. Gharama haikuzidi nailoni na chai ya vijana wa friza, na unga haujadondoka tena.

Michoro ya karatasi iko kabatini, mbali na ukuta wa nje unaolowa kila masika. Mwenye duka mmoja aliyetaka kuiazima "siku moja tu" apige nakala nilimnyima, kwa kuwa hakimiliki yake hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha msanii, nayo ni ya warithi kama yalivyo makasha. Akiitaka, aje na bei, nami nitawaita warithi wote waisikie.