Mtoto wa Desemba kwenye kiwanja cha Katuba

Siku ya kuchagua timu ya watoto, iwe Katuba au Kenya, mitaa yetu ya Lubumbashi, tazama nani anaitwa kwanza. Ni yule mrefu, anayeupiga mpira ukavuka kiwanja huku vumbi jekundu likitimka nyuma yake. Mwenzake mwenye mwili mdogo, aliyekuwa akiinua kichwa kutafuta mtu wa kumpasia, anabaki pembeni akiwashikia wenzake viatu. Mji huu umeiona klabu yake Mazembe ikicheza fainali ya klabu bingwa ya dunia mwaka 2010. Wazazi wengi wanaona kiwanja ni njia ya maisha, na mtoto akiachwa nyumba nzima inaumia.

Mara nyingi kocha anachokiita kipaji ni tofauti ya miezi tu. Kundi la waliozaliwa 2015 lina mtoto wa tarehe 5 Januari na mtoto wa tarehe 28 Desemba. Wamepishana siku 357, na katika umri wa miaka tisa au kumi hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi ya maisha yao yote. Mkubwa amekwisha kucheza mwaka mzima zaidi barabarani na mpira wa masashi, yaani mifuko ya plastiki. Akichaguliwa anapata kocha, mechi na mpira wa kweli, na baada ya miaka miwili anakuwa bora kweli, kwa sababu amefundishwa. Aliyeachwa hakufundishwa.

Watafiti wa Kanada walionyesha jambo hili kwenye hoki ya barafu mwaka 1985. Ubelgiji iliona zaidi: mwaka 1997 tarehe ya kugawa umri kwenye soka ilipohamishwa kutoka 1 Agosti hadi 1 Januari, waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka waliongezeka kwenye timu za vijana, na wale wa Agosti na miezi iliyofuata wakapungua. Vipaji vya nchi nzima haviwezi kuhama miezi kwa msimu mmoja.

Kwa hiyo, kocha, anza na daftari lako. Gawa ukurasa safu nne za miezi ya kuzaliwa: Januari–Machi, Aprili–Juni, Julai–Septemba, Oktoba–Desemba. Kwa watoto 24 tarajia kama sita kila safu. Kuzidi au kupungua mmoja au wawili si kitu, lakini ukikuta 11 safu ya kwanza na wawili ya mwisho, unachagua mwezi wa kuzaliwa. Tahadhari moja: mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa huandikiwa tarehe ya kubuni, mara nyingi 1 Januari. Muulize mama: mvua zilikuwa zimeanza? Ilikuwa kabla au baada ya shule kufunguliwa Septemba? Asiyejulikana kabisa usimhesabu.

Dawa ninayoiamini kuliko zote ilijaribiwa Uholanzi, matokeo yakachapishwa 2017. Wachaguzi walipopewa tu tarehe za kuzaliwa, upendeleo haukuondoka. Watoto walipovaa namba kwa mpangilio wa umri, ukaondoka. Jicho la mchaguzi lilihitaji kukumbushwa wakati uleule wa kutazama.

Hapa kwetu jezi 24 ni ghali, basi chukua mifuko mitupu ya unga wa bukari (ugali). Kata vipande vya sentimita 20 kwa 25, toboa matundu manne kwenye kona, pitisha kamba ya shingoni na ya kiunoni. Andika namba kwa rangi ya mafuta, kwa sababu makaa yanafutika mtoto akitoka jasho. Mkubwa kuliko wote apewe 1, mdogo 24. Usiwaambie watoto maana ya namba, la sivyo 24 atataniwa mpaka ashindwe kucheza. Wachaguzi ndio waambiwe, na warudie kwa sauti kabla ya mpira kuanza.

Usipange mechi ya 11 kwa 11, kwani mdogo atagusa mpira mara tatu tu. Tengeneza viwanja vitatu vya mita 30 kwa 20, mistari ya majivu, matofali mawili kila goli, bila kipa. Timu sita za watoto wanne, dakika 8 kila mchezo, michezo mitano ili kila timu ikutane na nyingine zote. Mpira uwe saizi 4. Saizi 5 unampendelea mwenye nguvu. Wachaguzi wawili wakae mbali, waandike bila kushauriana: nani anatazama kabla ya kupokea, nani anajisogeza baada ya kupasi, nani anarudi akipokonywa. Mbio usiandike. Rudia baada ya wiki moja, kila mtoto na namba yake ileile. Hapo ndipo wengi wanaharibu: mtoto anafika amechelewa, anapewa namba yoyote iliyobaki, na hesabu yote inakufa.

Wavulana wengi hukua kwa kasi karibu na miaka 14, wengine mapema, wengine wakiwa na 16. Pima urefu kila miezi mitatu, asubuhi, bila viatu, alama ya chaki ukutani. Anayekua haraka na kulalamika maumivu chini kidogo ya goti mpunguzie kuruka na mbio za kasi, usimwite mvivu.

Walioachwa uwaandike kwenye ukurasa wao, na tarehe ya kuwatazama tena miezi sita mbele. Mpe kila mzazi tarehe hiyo kwenye karatasi siku ileile.