Mkungu: Kuutambua na Kuukuza

Katika miti ya kivuli inayopukutisha majani kwenye nchi za joto, nauweka mkungu (Terminalia catappa) mbele ya mingi, kwa sababu huvumilia upepo wa bahari, chumvi na mchanga usio na rutuba, mahali ambapo miche mingine hudumaa.

Kuutambua si kazi ngumu, wala hakuhitaji kusubiri maua, ambayo ni madogo na hayavutii macho. Kwanza litazamwe umbo: matawi hutoka kwenye shina kwa tabaka, yakatanda kwa ulalo, na kati ya tabaka moja na jingine hubaki nafasi tupu. Umbo hilo huonekana wazi zaidi mti ungali mchanga, kwani mkungu mkongwe hutanuka hadi tabaka zake zikafichana. Kisha litazamwe jani, ambalo mara nyingi huwa na urefu wa sentimita 15 hadi 25, pana karibu na ncha na jembamba kuelekea kikonyo; majani hayo hujikusanya kwenye ncha za vitawi. Kabla ya kupukutika hugeuka mekundu, na mpandaji asiyeuzoea mti huu hudhani unaugua, ilhali baada ya muda mfupi huchipua upya. Wapo wanaouchanganya na jamaa yake kutoka Madagaska, Terminalia mantaly, ambao nao una tabaka. Majani ya huo ni madogo mno, hayafiki sentimita 10.

Kwa kuotesha, zichaguliwe kungu zilizoiva na kuanguka karibuni, zilowekwe usiku kucha, kisha zilazwe kwenye udongo wenye mchanga na kumwagiliwa bila kutuamisha maji. Sioni faida ya kulivunja ganda ili kuharakisha uotaji, kwa kuwa kiini huumia kwa urahisi. Mche uhamishwe mvua zinapoanza, upandwe palipo na jua la kutosha.

Nafasi ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mti huu unaweza kupita mita 20 kwa urefu, mizizi yake huinua sakafu, na majani yake makubwa huziba mifereji ya paa. Kwa hiyo usipandwe kando ya ukuta. Matawi ya chini yanaweza kuondolewa ili watu wapite, lakini kilele kisikatwe, maana ndicho kinachozaa tabaka mpya. Majani yaliyoanguka yatandazwe kuzunguka miche michanga, bila kugusa shina.