Osiloskopu ya mtumba na tishu

Leo ndo nimefunga kava kwa mara ya mwisho, natumaini. Wiki tatu hii osiloskopu ya mtumba (kile kifaa kinachochora umeme kama mstari kwenye skrini) imenikalia kichwani. Ukiwasha inaenda freshi, mstari umetulia, halafu kwenye dakika ya 20 hivi mstari unaanza kupanda taratibu na ukigusa kava pale ubavuni mkono unarudi wenyewe kwa joto.

Nikafungua. Ikiwa wazi ilikaa masaa mawili bila shida nikasema aah basi imejiponya, nikafunga, dakika 20, yaleyale. Ningejiuliza hapohapo kwa nini ikivuliwa kava inapona ningeokoa wiki mbili, ila mi nilishaamua ni kapasita, vile vidude vinavyotunza chaji ya umeme. Na sio upuuzi sana, zile za elektroliti zinakauka, joto likiongezeka nyuzi 10 tu umri wake unakatika karibu nusu. Nikachomoa plagi, nikasubiri, nikaipima kwa mita ile kapasita kubwa ya pawa saplai kabla sijaingiza mkono (hiyo inaweza kushika volti 300 na zaidi, usicheze), nikabadilisha nne. Moja kweli ilikuwa imevimba. Shida ikabaki vilevile.

Kingine kilichonipoteza ni kipimajoto cha infraredi. Nalenga hitsinki (bamba la alumini la kupozea) ya regyuleta, ile inayofanya volti isiyumbe, kinasoma 41, nazima nachomoa nagusa, naruka! Kumbe alumini inayong'aa haitoi mionzi ya joto vizuri, kile kidude kilikuwa kinasoma zaidi joto la vitu vya chumbani vinavyoakisiwa pale. Nikabandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, nikawasha tena, kikasoma 83.

Jana usiku nimeshachoka, nikachana tishu nyembamba nikaishikilia nyuma kwenye feni, nikitegemea ipeperuke kuja kwangu. Ikanata kwenye wavu. Feni inavuta ndani!! Nikaangalia matundu ya ubavuni, vumbi la zamani limeganda kwa nje, yaani enzi hizo hewa ilikuwa inaingilia huko, inapita kwenye regyuleta kwanza ikiwa bado baridi ndo itokee nyuma. Sasa hivi regyuleta ndo ilikuwa inapata hewa ya mwisho, imeshachemshwa na kila kitu njiani. Mwenye nayo wa kwanza aliweka feni mpya, nzuri kabisa, haina kelele hata kidogo, akaifunga kinyume, na mshale wa kuonyesha upepo unakoenda upo palepale ubavuni mwa feni. Nilishaupita kama mara kumi ule mshale.

Skrubu nne, nikaigeuza. Kava limefungwa, imekaa saa nzima, nikafungua haraka nikapima juu ya ile tepu, 56. Mstari haujasogea.

Zile kapasita tatu nzima nilizozing'oa bure bado ziko kwenye kikombe hapa mezani. Nimezipima, zote ziko poa.